Nani Atamlisha Kicheko?

Cherehani ya Mama Kicheko ilinguruma tangu asubuhi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kila mzazi alitaka sare ya mwanawe iwe imekamilika jana. Chumba kilijaa vitambaa vya bluu, nyuzi na vipande vya chaki. Mama Kicheko alishona huku ameinama, pini mbili mdomoni.

Mara akasikia kicheko kutoka chumba cha pili. Kilikuwa cha mwanawe, kile kinachoanza polepole na kuishia na kwikwi. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Tena!" ilisema sauti ya wifi yake. "Fungua mdomo, bibi harusi wangu. Haya, kijiko kingine!"

Mtoto akacheka tena. Roho ikamuuma Mama Kicheko, ikamuuma kwelikweli.

Kicheko alikuwa msichana wa miaka mitano. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu alijua kucheka hata kabla shingo yake haijakaza. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia. Baadaye hospitali ilisema ana mtindio wa ubongo. Maana yake, sehemu ya ubongo inayoongoza mwili iliumia mapema, mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au akiwa mchanga bado. Viungo vyake vilikuwa vimekakamaa. Miguu yake ilipishana kama mkasi wa mama yake. Mdomo na koo navyo vilifanya kazi kwa taabu. Lakini alisikia vizuri, na ukimsema alijua kuwa anasemwa.

Kwa miaka yote hiyo aliyemlisha ni mama yake. Alimlaza chali mapajani, vilevile kama alivyomnyonyesha. Alimwinua kidevu juu, kisha akammiminia uji mwepesi ili ushuke wenyewe. Mtoto alikohoa. Mama alimfuta, akammiminia tena. Mlo ulikuwa mrefu, na mara nyingi uliisha wote wawili wakilia. Kila baada ya muda mfupi Kicheko alishikwa na kifua, wakarudi hospitali. Mama aliamini kwamba watoto wa namna hii ndivyo walivyo.

Ndipo alipokuja wifi, dada wa mumewe. Wifi alikuwa msusi. Mwenye eneo alitaka mahali pake, kibanda cha kusukia kikavunjwa, naye akaja kwa kaka yake kukaa siku mbili tatu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe alilopewa wifi lilikuwa kumpeleka Kicheko kliniki ya mazoezi kila Jumanne, maana mama mtu alizidiwa na sare. Mama Kicheko alimtuma mwenyewe, kwa mdomo wake. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Wifi alirudi kutoka kliniki na mambo mapya. Alimwomba kaka yake, ambaye ni seremala, atengeneze kiti kidogo chenye mgongo ulionyooka na ubao wa kukanyagia. Kiti kikatengenezwa. Tangu siku hiyo Kicheko akawa analishwa na shangazi yake, na akimaliza anacheka.

Mama Kicheko akaenda kusimama mlangoni. Mwanawe alikuwa amekaa wima kitini. Wifi alikaa mbele yake kwenye kigoda, akimshika taya kwa upole, kama anavyoshika kichwa cha mteja.

"Amemaliza?" aliuliza mama.

"Kasafisha bakuli, wifi yangu! Na hajakohoa hata kidogo."

"Umemtia nini kwenye huo uji?"

"Sijatia kitu. Nimeukoroga mzito tu. Njoo nikuonyeshe. Kule kliniki wanasema..."

"Unionyeshe mimi kumlisha mtoto niliyemzaa?" Mama Kicheko alitoa pini mdomoni. "Wifi, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe suka nywele."

Wifi akaweka bakuli chini. Kicheko akamgeukia shangazi yake. Akakunja uso, akajikaza, na sauti ikatoka.

"Sha!"

"Umesikia?" wifi alipiga makofi. "Ananiita shangazi!"

Mama Kicheko alisikia sana. Miaka mitano amebeba, ameogesha, amekesha, wala hajawahi kuitwa "Ma". Akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati juu chini, ikabidi aufumue wote.

Jioni mumewe alimwona amenuna.

"Mke wangu, unamwonea wivu dada yangu?"

"Nani, mimi? Wivu wa nini? Ila watu walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi kagua nguo. Si wewe ndiye fundi?" mume alitania.

 Mama Kicheko aliogopa kitu kimoja tu, na hakuthubutu kukisema: kwamba mwanawe atampenda wifi, yeye abaki kuwa mtu wa kufua nguo zake.

Siku iliyofuata alipata hila.

"Wifi, hebu nifuatie vifungo mjini. Vyeupe, vya matundu manne. Ukiona vya matundu mawili, viache hukohuko."

Duka la vifungo lilikuwa mbali. Wifi alipotoka tu, Mama Kicheko alikibeba kile kiti, akakiweka barazani na kukigeuzia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Kisha akakoroga uji mwepesi. Akampakata mwanawe, akamlaza chali kama zamani.

"Leo unakula kwa mama yako," alimwambia. "Kwani wewe ni wa nani?"

Alitaka wifi arudi akute bakuli tupu. Kwa hiyo alichukua kijiko kikubwa, akaharakisha. Kijiko cha kwanza, mtoto akakohoa. Cha pili, akageuza uso.

"Usinifanyie hivyo. Sema Ma. Ma-ma. Sema, mwanangu!"

Kicheko alimtazama. Alitaka kusema, jamani, alitaka sana. Akafungua mdomo, akavuta pumzi ili apate sauti. Mama akaona mdomo umefunguka, akammiminia.

Uji ukaenda na pumzi.

Sauti ya mtoto ikakatika. Macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi. Mama Kicheko alipiga ukelele. Akamwinua, akamwinamisha mbele juu ya mkono wake, akampiga mgongoni katikati ya mabega, tena na tena. Uji ukatoka. Kisha kikatoka kikohozi, na baada ya kikohozi kilio. Mama alilia kwa sauti kubwa kuliko mtoto.

Wifi aliingia na vifungo vyake. Barazani alikuwa amekwisha kukiona kiti. Akampokea mtoto.

"Vaa viatu, wifi," alisema. "Tumwahishe hospitali."

Daktari alimpima Kicheko kifua, akasema alazwe.

"Chakula kimeingia kwenye njia ya hewa," alisema. "Mapafu yameanza kuvimba, na ana homa. Mmefanya vyema kuwahi. Nani alikuwa anamlisha?"

 Sasa nitaumbuliwa, aliwaza Mama Kicheko.

"Tulimlisha sisi, daktari," wifi alijibu.

Hata kwa wema amenizidi! Mama Kicheko aliona wivu tena, lakini safari hii ulichanganyika na aibu, na hakujua auweke wapi.

Dawa zilifanya kazi, homa ikashuka. Ndipo alipokuja wodini yule mwanamke anayefundisha kliniki. Watu humwita Dada wa Mazoezi. Alimsalimia wifi kama rafiki, kisha akamgeukia mwingine.

"Na wewe mwenzangu ni nani?"

"Mimi ndiye mama."

"Kumbe! Mimi siku zote nilidhani..." Dada wa Mazoezi akajizuia.

"Ulidhani yeye ndiye mama," Mama Kicheko alisema. Machozi yakamtoka. "Hata mtoto anadhani hivyo. Anamwita yeye, anamchekea yeye. Ndiyo maana nilimtuma mbali, nikamlisha mimi. Karibu nimuue mwanangu kwa wivu."

 Dada wa Mazoezi hakumkaripia. Alimimina maji kwenye kikombe, akampa.

"Tazama dari. Usishushe kidevu. Sasa kunywa."

Mama Kicheko akanywa akitazama dari. Funda la kwanza likapita kwa shida. La pili likamkaba, akakohoa mpaka akalowa kifuani.

"Na wewe koo lako ni zima," alisema Dada wa Mazoezi. "Ukimlaza chali na kuinua kidevu, unafungua njia ya hewa kwa chakula. Mkalishe wima. Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti, magoti yakunjwe, nyayo zikanyage. Kichwa kiinamie mbele kidogo. Wewe kaa mbele yake, chini kidogo, akuone bila kuinua uso."

"Lakini uji mzito si utamkaba?"

"Wengi hudhani hivyo. Uji mwepesi hukimbia kuliko koo lake. Mzito laini, kama ndizi mbivu iliyopondwa, humpa muda wa kumeza. Tumia kijiko kidogo, usikijaze. Subiri ameze ndipo umpe kingine. Akiwa analia, anacheka au anataka kusema, ngoja kwanza."

Mama Kicheko akafunika uso. "Nilimwambia aseme Ma."

"Basi sasa unajua. Na akimaliza kula asilazwe hapohapo. Akae wima kama nusu saa."

"Atapona?"

"Mtindio wa ubongo hauna dawa ya kuuondoa. Haukutokana na laana, wala hauambukizi. Na lile jeraha la ubongo haliongezeki. Ila viungo visiponyooshwa vitazidi kukakamaa. Mazoezi ni ya kila siku, wakati wa kuvaa, kuoga na kucheza. Huyu anaweza kujifunza mengi."

Kisha akasogeza kigoda. "Nikwambie jingine, mama. Akiwa na shangazi yake anacheka kwa sababu hakabwi. Mtoto anayeogopa kijiko atamchekea vipi anayekishika? Hajaacha kukupenda."

Wifi akasema, "Mimi nami nina kosa. Ningekulazimisha uone, hata ukinitukana. Lakini nilipoitwa Sha, nilifurahi kuitwa mimi peke yangu. Mimi sina mtoto, wifi."

Mama Kicheko akamtazama. Hakuwahi kufikiri kwamba yule naye alikuwa na lake. Akamsogezea nafasi kitandani, wakakaa wote, miguu ya Kicheko mapajani mwao.

Waliporudi nyumbani, Mama Kicheko mwenyewe ndiye aliyekigeuza kiti kutoka ukutani. Alikikagua kwa jicho la fundi.

"Hiki kiti ni kizuri," alisema, "lakini kimevaa vibaya."

"Kimekukosea nini kiti changu?" mumewe aliuliza.

"Wewe ongeza ubao mbele, bakuli lipate pa kukaa. Mengine niachie mimi."

Alishona mkanda mpana wa kitambaa laini, wa kupita kiunoni, ili mtoto asiteleze. Alishona mto mgumu wa kukaa katikati ya magoti, miguu isipishane. Alichukua mpini wa kijiko akauzungushia kitambaa mpaka ukawa mnene, kiganja cha Kicheko kiweze kuushika. Jumanne ilipofika alifunga cherehani, akaenda kliniki pamoja na wifi. Sare zikasubiri, na wenye sare wakanung'unika mpaka wakachoka.

Mwanzoni wifi alimwongoza mkono.

"Shusha kijiko. Kitoke chini, kije mbele. Usimlazimishe kuangalia juu."

"Nimesikia, mwalimu."

"Na taya lishike kama unashika yai, siyo kama unashika mkasi."

"Haya, msusi!"

Walicheka. Wivu haukuondoka siku moja. Kicheko akichekea upande wa wifi, roho ya mama bado iliruka. Lakini sasa aliusema. "Wifi, leo unanichoma," alikuwa akisema, na wifi akimpisha kigoda.

Miezi ikapita. Kifua hakikurudi. Mashavu ya Kicheko yakajaa, na gauni alilokuwa amelishona mama likambana. Mama Kicheko alifumua pindo kwa furaha kama anayefungua zawadi.

Mchana mmoja chakula kilikuwa tayari, na mawifi wakabishana kama kawaida yao.

"Leo zamu yangu."

"Yako ilikuwa asubuhi. Usijifanye umesahau."

"Asubuhi alikula kidogo, haihesabiwi!"

Kicheko aliwatazama, huyu, kisha yule. Mkono wake ukatetemeka juu ya ubao. Ukateleza, ukarudi, ukakishika kile kijiko kinene.  Kijiko kikachota viazi vilivyopondwa, kikapanda polepole, kikapotea njia na kugonga pua, kisha kikaingia mdomoni.

"Toba!" alisema wifi. "Ametufukuza kazi sote."

Kicheko akacheka, na kwa kucheka kijiko kikamponyoka, kikaanguka chini. Akakitazama. Akainua uso, akakunja paji, akajikaza.

"Ma!"

Wifi akaweka mkono kifuani. "Ehe! Leo na mimi roho yaniuma," alisema, lakini macho yake yalikuwa yakicheka.

 Mama Kicheko aliinama, akaokota kijiko, akakiosha, akarudi nacho. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mwanawe. Kijiko kilikuwa mkononi mwake, na mdomo mdogo ulikuwa mbele yake. Alitamani kumlisha kuliko alivyowahi kutamani chochote.

Akakirudisha kijiko mkononi mwa Kicheko, akasubiri.