Pikapu Iliyosemekana Imekufa

Kila alfajiri Naiputa na baba yake, Saning'o, walitoka Bonga kwenda Babati mjini na pikapu yao ya dizeli. Njiani walikusanya maziwa kwa wafugaji watatu. Betri ilikuwa dhaifu, kwa hiyo Baba hakuzima injini. Aliiacha ingurume mpaka dumu la mwisho lipimwe na kupakiwa, ndipo ampeleke Naiputa shuleni.

Mwezi huo pikapu ilianza kutoa moshi mweusi, na ikifika kilimani inakosa nguvu. Jumamosi ikagoma kabisa kupanda. Ikavutwa hadi gereji ya Fundi Egidius, mtaani Maisaka. Fundi akaiwasha, akakanyaga mafuta, akautazama moshi.

"Injini imekufa, Baba Naiputa. Mpe Alfred akachomoe vipuri."

Alfred, mnunuzi wa magari mabovu, alikuwa pale pale na kamba yake ya kuvutia. Naiputa akawaza maziwa yao na ya wale wafugaji watatu yakichachia nyumbani. Akasogea mbele.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Haijafa."

Alfred akacheka. "Siku hizi mafundi wanavaa sketi za shule?"

"Wanavaa," Naiputa akajibu.

"Naiputa, nyamaza," Baba akasema.

"Nitanyamaza ikishafunguliwa, Baba. Jumapili tulikwenda Kondoa bila kusimama. Wakati wa kurudi ilivuta vizuri, moshi ukapungua. Jumatatu tukaanza tena kuiacha ingurume kwa wafugaji, moshi ukarudi. Kilichokufa kinaponaje Jumapili?"

Egidius akamgeukia Baba. "Hukuniambia kwamba huizimi."

"Niliona aibu kusema gari langu linawashwa kwa kusukumwa," Baba akasema taratibu.

Egidius akachukua spana. Alianza na chujio la hewa, lilikuwa safi. Akafungua bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Ndani mlikuwa na masizi mazito, yenye mafuta, kama ukoko wa ugali ulioungua. Mahali palipotosha ngumi kupita, sasa hata kidole kilipita kwa shida.

"Gari hili hurudisha sehemu ya moshi wake kwenye injini," akaeleza. "Likinguruma muda mrefu bila kutembea, halipati joto la kutosha, masizi yanaganda humu. Hewa haitoshi, dizeli haiungui yote."

Walikwangua na kuosha mpaka saa tisa. Naiputa ndiye aliyeshika brashi, mikono ikawa myeusi hadi viwikoni. Egidius akafunga kila kitu, wakaipeleka kilimani. Ikatema wingu moja jeusi, kisha ikapanda bila moshi.

Waliporudi gereji, Alfred alikuwa anakunja kamba.

"Baba Naiputa, badilisha betri," Egidius akasema. "Na fundi usimfiche kitu. Mimi nami nimekosa. Nimeihukumu injini kabla ya kuifungua." Akamgeukia Naiputa. "Mtu mzima akikuambia kitu kimekufa, msalimie kwa adabu, kisha mwambie akifungue."

"Nimeshamwambia," Naiputa akasema.