Petroli ya Etyang Inakwenda Wapi?

Etyang alikuwa mkulima wa Moding, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Alilima pamba, wimbi na mihogo. Mwaka wa 1974 alikuwa na kitu ambacho majirani wake wengi hawakuwa nacho. Alikuwa na gari. Lilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya kijivu, ambayo watu wengine wawili walikuwa wameitumia kabla yake.

Asubuhi mke wake, Apolot, alipanga magunia nyuma ya gari. Siku nyingine ilikuwa mihogo mikavu, siku nyingine wimbi. Dereva alikuwa Okwara, mtu wa Bukhayo. Okwara hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa amemwoa Akurut, dada mdogo wa Etyang. Alipeleka mzigo Malaba mpakani, kisha akaendelea hadi Busia, na jioni akarudi Moding. Etyang mwenyewe alijua kuendesha, lakini alipenda zaidi kubaki shambani.

Mwaka huo bei ya petroli ilikuwa imepanda kila mahali. Watu wengine waliegesha magari yao nyumbani na kurudia baiskeli. Etyang hakuegesha lake. Lakini mvua ndefu zilipokwisha, gari lilianza kunywa petroli nyingi kuliko zamani. Tangi lililokuwa likitosha wiki nzima, sasa liliisha katikati ya wiki.

Okwara ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Shemeji, hii gari inakunywa sana," alimwambia Etyang. "Sijui shida iko wapi."

Etyang alimsikia, akarudi kwenye pamba yake. Okwara aliposema tena wiki iliyofuata, Etyang alianza kuwaza mambo mengine. Pale mpakani watu walikuwa wakisema kwamba petroli ni haba upande wa Uganda. Mwenye mtungi mmoja alivuka nao kwa njia za panya na kuuza kwa bei aliyotaka. Mchuuzi mmoja wa mahindi alimwambia Etyang kwamba siku hizi madereva ndio matajiri. Neno hilo lilimwingia Etyang moyoni, likakaa.

Siku moja ya soko alipanda baiskeli, akaenda Malaba bila kumwambia mtu. Alimkuta Okwara kwenye kituo cha petroli, akijaza tangi tena. Etyang alikwenda moja kwa moja, akachomoa ufunguo wa gari. Wabadilishaji pesa walikuwa pale. Madereva wa malori waliokuwa wakingoja karatasi zao walikuwa pale. Wanawake wauza samaki nao walikuwa pale.

"Unauza petroli yangu Uganda," Etyang alisema kwa sauti. "Wewe ni mwizi."

Okwara alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. "Shemeji, mimi?" aliuliza. Alichukua koti lake garini, akaondoka kwa miguu kufuata barabara ya Busia.

Habari zilifika Bukhayo kabla ya jua kutua. Akurut alituma ujumbe kwamba hatakanyaga Moding maadamu mume wake anaitwa mwizi. Mama mzee wa Etyang na Akurut alilia siku nzima. Lakini Etyang alikuwa bado hajamaliza. Alisema kwamba Jumatatu angekwenda kwa chifu kumshtaki Okwara kwa magendo.

Apolot aliposikia hivyo, sufuria ilimponyoka mkononi.

"Baba Ikapel, magendo si mchezo," alimwambia mume wake. "Watamfunga. Umemwona akiuza?"

Etyang alijibu kwamba hakuhitaji kuona. Petroli ilikuwa inaingia kwenye tangi na kupotea, na mtu mmoja tu ndiye aliyeendesha.

Apolot hakubishana. Alikwenda kwa jirani yao, Mwalimu Emukule. Huyu alikuwa ametengeneza malori Tororo kwa miaka mingi, na sasa alifundisha vijana ufundi wa magari katika chuo cha kijiji. Jumamosi asubuhi Emukule alifika, akanywa chai, akasikiliza habari yote. Hakumlaumu Etyang. Alisema kwamba jambo hili linaweza kupimwa, na kwamba si vizuri kumpeleka mtu kwa chifu kabla ya kupima.

"Leo utaendesha wewe," alimwambia. "Mimi nitakaa kando yako. Okwara yuko kwake Bukhayo. Petroli ikikaa vizuri, nenda kwa chifu. Ikipotea, basi mwizi si yeye."

Etyang alikubali, tena kwa furaha. Alikuwa na hakika.

Walipakia magunia kama siku zote. Emukule aliona kwamba magurudumu ya nyuma hayakuwa na upepo wa kutosha, lakini alisema yaachwe hivyo kwanza. Alitaka kupima gari likiwa na ugonjwa wake wote, lilivyokuwa kwa Okwara. Pale Malaba walijaza tangi mpaka petroli ikaonekana shingoni. Kisha walifunga kifuniko na kushika barabara ya murram, ile ya changarawe nyekundu, kwenda Busia. Waliuza mihogo, wakageuza gari, wakarudi. Hawakusimama popote njiani.

Waliporudi Malaba, Emukule alimwelekeza Etyang asimamishe gari mahali palepale, kwenye pampu ileile, ili kipimo kiwe kimoja. Mtumishi wa kituo alianza kujaza. Etyang alisimama akitazama namba. Ziligeuka. Zikaendelea kugeuka. Alidhani mtumishi amesahau kuangalia shingo ya tangi, akainama kuangalia mwenyewe. Tangi lilikuwa bado halijajaa.

Lilipojaa, Emukule alimwambia kwamba gari la ukubwa huo, kwa safari ile, lingetumia chini ya nusu ya petroli hiyo.

Etyang aliketi kwenye ngazi ya kituo. Asubuhi yote alikuwa ameshika usukani yeye mwenyewe. Kifuniko hakikuguswa na mtu. Okwara hakuwepo. Walikuwa wawili tu ndani ya gari, na petroli ilikuwa imepotea.

"Imekwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hilo ndilo swali," alisema Emukule. "Ulipaswa kuuliza gari kwanza."

Walirudi nyumbani polepole. Gari liliingia kwenye banda la mabati, mahali pake pa kulala. Emukule alilala chini, akapapasa tangi na bomba la petroli kwa kidole. Pote palikuwa pakavu. Etyang alisema kwamba hata yeye alikuwa ameangalia chini ya gari kila asubuhi, na hajawahi kuona tone hata moja.

"Hilo linaonyesha tu kwamba halivuji likiwa limelala," Emukule alisema. "Sasa tulitazame likifanya kazi."

Alimwomba Apolot aketi kwenye kiti cha dereva, awashe injini na kukanyaga mafuta polepole. Boneti ilifunguliwa. Banda lilikuwa na giza. Harufu ya petroli ilipanda. Etyang aliinama karibu na injini, hakuona kitu, akatia mkono mfukoni. Akatoa kiberiti ili apate mwanga.

Emukule alimshika mkono kwa nguvu hata kiberiti kikaanguka.

"Mama, zima gari," alisema. "Zima sasa."

Injini ilinyamaza. Emukule aliwaambia kwamba harufu ile ni petroli iliyogeuka hewa, na hewa hiyo hulipuka haraka kuliko petroli yenyewe. Njiti moja ingetosha kuchoma banda, gari na wao wote watatu. Apolot alitoka garini, akaokota kiberiti, akaenda kukiweka mbali ndani ya nyumba. Akahamisha na jiko, ambalo alizoea kuliweka karibu na banda.

Walilisukuma gari hadi uani, kwenye jua, wakangoja harufu ipungue. Ndipo Apolot akawasha tena. Sasa waliona wote. Ubavuni mwa injini kulikuwa na pampu ndogo ya chuma, na chini ya pampu hiyo kulikuwa na tundu. Petroli ilikuwa inadondoka kutoka kwenye tundu hilo. Apolot alipokanyaga mafuta, matone yaligeuka kuwa uzi. Alipozima injini, uzi ulikatika, na baada ya muda mfupi chuma kilikuwa kikavu kama hakuna kilichotokea.

Etyang alishika kichwa. Petroli yake haikuwa imevuka mpaka. Ilikuwa inamwagika njia nzima, kutoka Malaba hadi Busia, juu ya injini ya moto, mbele ya miguu ya shemeji yake.

"Bado kuna kitu kingine," alisema Emukule.

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa juu sana kupita alama. Alimpa Etyang anuse. Ilikuwa nyepesi kama maji, na ilinuka petroli.

"Lakini sijaongeza oili," Etyang alisema.

"Hujaongeza. Petroli ndiyo imeingia humo." Emukule alieleza kwamba ndani ya pampu kuna ngozi nyembamba inayopanda na kushuka ili kuvuta petroli kutoka kwenye tangi. Ikizeeka, inachanika. Petroli nyingine inatoka nje, nyingine inashuka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Oili iliyochanganyika haiwezi tena kulinda vyuma. "Wiki chache zaidi, injini ingekufa," alisema. "Au ungeshika moto barabarani. Hii gari isitembee tena mpaka ipone. Hata kwenda Malaba, hapana."

Kisha alikagua mengine, kwa sababu gari kuukuu mara nyingi huwa na magonjwa zaidi ya moja. Alifungua chujio la hewa, akakung'uta vumbi jekundu la murram. Injini isiyopata hewa safi, alisema, inakula petroli nyingi bila nguvu. Alitazama choki, ile kamba inayovutwa asubuhi kukiwa na baridi, akaona hairudi mpaka mwisho. Aliitia oili na kuivuta huku na huku hata ikateleza. Aliinua magurudumu moja baada ya jingine, akayazungusha kwa mkono aone kama breki zinashika bila kukanyagwa. Hazikushika; yalizunguka kwa urahisi. Alimaliza kwa kujaza upepo kwenye yale ya nyuma, akamwambia Etyang kwamba gurudumu laini ni kama kusukuma toroli kwenye matope.

Spea ya pampu ilipatikana Bungoma. Emukule aliifunga, akamwaga oili yote mbovu ndani ya debe lenye kifuniko, akatia mpya. Alikataza oili ile isiwekwe kwenye taa wala kumwagwa kijitoni.

Jumatatu Etyang hakwenda kwa chifu. Alipanda basi kwenda Bukhayo. Alimkuta Okwara akipalilia mahindi pamoja na Akurut. Alisema yote, bila kuruka neno, hata habari ya kiberiti. Okwara aliegemea jembe lake, akasikiliza hadi mwisho. Alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefika mahali pa kuzitilia shaka akili zake. Mara mbili alikuwa amelala ndani ya gari ili amshike mwizi, na asubuhi petroli ilikuwa palepale. Halafu mchana inapotea.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini hukuniita mwizi hapa shambani. Uliniita Malaba."

Etyang alielewa. Siku ya soko walikwenda Malaba, wote wawili na wake zao. Etyang alisimama pale kituoni, mbele ya wabadilishaji pesa, madereva na wauza samaki. Alisema kwamba Okwara hakuiba hata tone, na kwamba yeye Etyang alimsingizia. Kilichoharibika kilikuwa pampu. Watu walitazamana. Dereva mmoja wa lori alikwenda kimya kimya kufungua boneti yake.

Kisha Etyang alijaza tangi hadi shingoni, akampa Okwara ufunguo. Walikwenda Busia na kurudi, wakasimama kwenye pampu ileile. Mtumishi aliweka mpira wa petroli kwenye tangi. Namba ziligeuka kidogo tu, akasimamisha.

"Imejaa," alisema.

Etyang alimwambia aangalie tena. Mtumishi aliangalia, akasema imejaa kweli. Etyang alishuka, akachungulia mwenyewe. Petroli ilikuwa inang'aa pale juu, shingoni. Alipogeuka, Okwara alikuwa ameweka paji la uso juu ya usukani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Etyang hakujua kama analia au anacheka. Alifungua mlango wa upande wa pili, akaketi kando yake, akangoja.