Mjane Husema kwa Mdomo Wake

— Ni nani anakuandikia?

Shandana alishtuka. Simu ikamponyoka, ikatumbukia kwenye sinia la dengu alizokuwa akizichambua. Mama mkwe wake, Bibi Tawus, alikuwa amesimama mlangoni na tasbihi mkononi.

— Ni Rukhshi, mama. Mwalimu mwenzangu. Ananisalimia.

— Mwambie uko eda. Huna haja ya kusalimiwa kila saa.

Alipoondoka, Shandana aliitoa simu, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akausoma tena ule ujumbe:

“Dada, kaka yangu Hamdullah kanituma nami nafikisha tu. Anasema anatafuta mke mwenye subira, na anamwomba Mungu amrahisishie. Basi. Amenikataza kuongeza neno.”

Ilikuwa siku ya mia moja na ishirini na tatu tangu azikwe mume wake, Sabzali. Zilibaki saba. Mjane aliye eda hachumbiwi. Hilo hata watoto wa kijiji chao, huku kwenye mashamba ya miwa nje ya mji wa Mardan, Pakistan, wanalijua. Na Hamdullah hakuwa mtu wa kupita. Ndiye muuza dawa aliyekuwa akija kumdunga Sabzali sindano, miezi sita mizima, akiinamisha macho kila Shandana alipoingia na chai. Hawakuwahi kuambiana zaidi ya “vidonge hivi asubuhi, hivi jioni.”

Kilichomtisha si ujumbe. Kilichomtisha ni kwamba alipousoma, alifurahi.

Hata dengu hazijaingia chunguni, Nazo akaja jikoni na mtoto kiunoni. Nazo alikuwa mke wa Jalat, mdogo wake Sabzali.

— Haya, mke mwenzangu, tugawane jiko basi. Utachukua upande upi?

— Nazo, utani gani huo?

— Utani? Muulize mama mkwe. Unarithiwa. Eda ikiisha Alhamisi, Ijumaa asubuhi unafungishwa ndoa na Jalat. Kaka yako wa Karachi ameshakubali kwa simu. Mimi nimepewa habari kama anavyopewa habari ng'ombe.

— Na Jalat anasemaje?

— Jalat! Tangu lini Jalat akasema kitu mbele ya mama yake?

Nazo akacheka, kisha machozi yakamtoka humo humo ndani ya kicheko.

Siku ya pili, wenzake walipokwenda mtoni kufua, Shandana alijifungia chumbani, akapiga simu kwenye madrasa ya wasichana mjini. Huko alikuwapo Ustadha Mahjabin, anayejibu maswali ya wanawake kila siku baada ya adhuhuri.

— Uliza haraka, binti, wenzako wanasubiri. Tangu nikae hapa nimeulizwa kamba wa baharini, nimeulizwa wanja, nimeulizwa rangi ya kucha mara nne.

— Ustadha, mimi niko eda. Kuna mtu amenitumia neno.

— Amesema atakuoa?

— Hapana. Amesema anatafuta mke mwenye subira.

— Ana adabu huyo. Kudokeza kumeruhusiwa, Qurani imesema. Kilichokatazwa ni kuposa waziwazi na kuahidiana kwa siri. Wewe usimjibu.

— Hata asante?

— Hata asante.



— Na kama moyo ulifurahi?



— Ulimpenda mumeo?

— Hata jana nimemlilia.

— Basi endelea kumlilia, hakuna aliyekwambia uache. Ulimi na miguu ndivyo vinavyokaa eda. Moyo tumwachie aliyeuumba.

— Na wakwe zangu wanataka kunirithisha kwa shemeji.

— Mwanamke harithiwi kwa nguvu. Aya ipo, si maneno yangu. Watakuja kukuuliza, lazima. Sasa sikiliza vizuri. Mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa, kwa sababu anaona haya. Wewe si mwari. Mjane husema kwa mdomo wake. Lakini watu wengi wameshika nusu ya kwanza tu. Ukinyamaza, watakusemea.

Akakata simu, ampokee mwingine mwenye swali lake.

Jumatano kaka yake akapiga simu.

— Shandana, nimempa Jalat neno. Usinivunjie heshima.

— Kaka, hukuniuliza.

— Nikuulize nini? Wewe tangu utoto ukinyamaza najua umekubali.

Alhamisi ukaja ujumbe mwingine wa Rukhshi:

“Dada, kaka anasema kimya chako amekielewa, hatakusumbua tena. Mama amempatia msichana wa Swabi. Kesho baada ya swala ya Ijumaa wanakwenda kuposa. Nisamehe.”

Shandana aliandika “Mwambie asubiri.” Akaufuta. Akaandika “Sijakataa.” Akaufuta nao. Jua lilikuwa bado liko juu ya miwa. Siku ya mia moja na thelathini ilikuwa haijaisha. Alimwogopa Mungu, na alimwogopa msichana wa Swabi ambaye hajawahi kumwona. Kule kimya chake kimekuwa hapana. Hapa nyumbani kimya hicho hicho kimekuwa ndiyo. Aliweka simu chini, akaikalia mikono yake yote miwili. Jua lilipozama, Bibi Tawus aliingia akaichukua simu ile.

— Bibi harusi hana haja ya simu.

Ijumaa asubuhi chumba kilijaa wanawake. Wakamvika mtandio mwekundu. Nazo alimfunga bangili bila kumtazama. Nje ya pazia sauti za wanaume zikakaribia: Maulana Ghafur wa msikiti wao, pamoja na mashahidi wawili.

— Shandana binti Mirdad, umekubali uozwe kwa Jalat?

Aliona wanawake wote wanamwangalia mdomo.

— Uliza tena, maulana, alisema Bibi Tawus. Anaona haya.

Maulana akauliza mara ya pili. Shandana alifungua mdomo, sauti ikagoma.

— Amenyamaza! alisema Bibi Tawus. Kimya ni ridhaa! Pigeni vigelegele!

Mwanamke mmoja akaanza, mwingine akadakia. Mikono ikamrukia Shandana shingoni kumpongeza.

— Tulieni! alisema Maulana, akikohoa nje ya pazia. Huyu si mwari, Bibi Tawus. Mjane kimya chake si kitu kwangu. Nataka sauti yake. Nauliza mara ya tatu: umekubali?

— Sikubali.

Ilitoka ndogo, kama ya mtu aliyekabwa. Akairudia, safari hii hadi mtaa wa pili ungesikia:

— Sikubali, maulana! Jalat ni ndugu yangu. Sikubali!

— Nimesikia, alisema Maulana. Na mashahidi wamesikia. Hakuna ndoa hapa.

Nyayo zikaondoka. Mlangoni akasikika Jalat akimwambia mtu, “Alhamdulillahi,” taratibu, kisha kwa sauti kubwa zaidi, “Alhamdulillahi.” Nazo akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Wanawake wakatoka mmoja mmoja, wakinong'ona. Akabaki Bibi Tawus.

— Umetuvua nguo mbele za watu.

— Nisamehe, mama.

— Nikusamehe nini? Kule ndani ya shuka zako bado kuna harufu ya mwanangu. Ukicheka, unacheka kama alivyokufundisha yeye. Ukiondoka, Sabzali anaondoka mara ya pili. Nani ataniambia alikuwa anapenda chai ya namna gani?

— Kwa hiyo ulitaka nibaki.

— Nilitaka ubaki! Sikujua njia nyingine ya kumfanya mtu abaki.

Shandana akamshika, wakalia pamoja, kilio ambacho siku ya mazishi hawakupata nafasi ya kukilia kwa sababu ya wageni. Kikapungua. Msikitini adhana ya Ijumaa ikaanza, na Shandana akainua kichwa ghafla.

— Mama, nahitaji simu yangu. Sasa hivi. Kuna mtu swala ikiisha anakwenda Swabi kuposa.

Bibi Tawus akajifuta macho.

— Yule wa sindano?

— Mama ulijua?

— Nina macho, mwanangu. Mwanamume anayeogopa kutazama, ana anachokiogopa.

Akaitoa simu kifuani, akampa. Shandana akapiga namba iliyokuwa imeandikwa kwenye makaratasi ya dawa. Ikaita mara tano.

— Duka la dawa, karibu.

— Ni Shandana. Eda imeisha jana jua lilipozama. Sikuwa nimekataa. Nilikatazwa kujibu.

Upande wa pili kitu kilianguka, kama sanduku la chupa.

— Kwa hiyo… sasa naruhusiwa kuuliza waziwazi?

— Uliza.

— Utakubali nikuoe?

— Nimekubali. Lakini hapa nina mama. Sitoki mlangoni kwake kama mtu anayekimbia.

Bibi Tawus alikuwa amesogeza sikio hadi kwenye simu. Akamgusa Shandana kwa kiwiko.

— Muulize, asubuhi anakula nini?

— Mama anauliza asubuhi unakula nini.

— Mimi? Kwa kweli… mkate wa jana na chai.

— Maskini ya Mungu, alisema Bibi Tawus, akifuta pua kwa mtandio. Mwambie Swabi asiende. Jumapili aje hapa na mama yake, mapema, na kwao asile kitu.