Pale Waceke Alipogeuza Santuri

Jumapili tarehe 7 Machi 1971, saa tisa na dakika kumi alasiri, Mzee Hiram Gichuki alifungua kabati lake la santuri na kushika jalada jekundu. Jalada hilo siku zote lilihitaji mikono miwili. Siku hiyo lilikuja kwa mkono mmoja. Akalifunua. Mifuko yake mitano ilikuwa mitupu kama ufizi wa kibogoyo.

Kesho yake saa tatu asubuhi, Sajini Wakhisi alisimama mbele ya kabati hilo, katika nyumba iliyo nyuma ya duka la vitambaa la mzee, mjini Kisumu. Sello, ile fidla kubwa ya Kizungu, hakuijua. Wezi aliwajua.

"Kimeibiwa nini, Mzee?"

"Konsato ya sello. Santuri tano, za mwaka wa thelathini na saba."

"Na hizi zilizobaki?"

"Konsato ileile."

Wakhisi akamkazia macho. "Ileile?"

"Ileile, wapigaji mbalimbali. Unga ni mmoja, Sajini, lakini ugali wa kila mama unaujua."

Mzee akaeleza. Zamani alikuwa mpishi wa mhandisi wa reli, Mzungu aliyependa nyimbo za Ulaya za karne iliyopita, zile za mapenzi na majonzi. Mzungu alipoondoka alimwachia jalada lile jekundu. Tangu hapo Hiram aliagiza nyingine kwa posta kutoka London, moja kila mwaka: za Wajerumani, za Mfaransa mmoja, lakini hasa hiyo moja, kila ilipopigwa upya. Jumapili alasiri yeye na mkewe Waceke walikaa wakasikiliza. Waceke alifariki mwaka wa sitini na nane. Tangu siku hiyo jalada jekundu halikupigwa. Hiram alilifuta vumbi tu, mara ya mwisho Krismasi.

"Nani ameingia humu tangu Krismasi?"

"Watatu. Benta, anayenitunzia nyumba miaka kumi na mmoja sasa. Kinyua, mtoto wa ndugu yangu, kila Jumamosi. Na Dalmas, fundi wa gramafoni wa Kondele, siku moja mwezi wa kwanza, alikuja kubadilisha mkanda wa mashine."

"Ufunguo?"

"Kwenye koti langu. Koti hufuliwa na Benta."

Ndiyo maana Benta alikuwa tayari kwenye selo ya polisi. Jumapili jioni, jua likiwaka bado, Kinyua alikwenda na askari hadi Kondele, wakamtoa Benta kati ya akina mama wenzake sokoni. Alhamisi angepelekwa kortini.

"Wewe ulimshuku?" Wakhisi akauliza.

Mzee akainamisha kichwa. "Kinyua ndiye aliyesema. Mimi nilinyamaza."

Mwaka wa sitini na tisa, wakati wa fujo, watu wa Nyeri kama Hiram walipokuwa wakishambuliwa mjini, Benta huyo alisimama kwenye mlango wa nyumba hii akawaambia vijana wenye mawe kwamba wapite juu yake kwanza. Hilo Wakhisi hakuambiwa na Hiram. Aliambiwa na jirani.

"Nipigie huo wimbo," akasema.

Hiram akaweka santuri mpya, ile ndefu ya plastiki. Sauti ya sello ikatoka, nzito, kama mtu mzima anayejizuia kulia. Baada ya dakika nne hivi, sauti ikiwa inapanda, mzee akainua mkono.

"Hapa ndipo Waceke aliposimama."

"Alisimama kwa nini?"

"Zile za zamani zinachukua dakika nne tu kila upande. Zilikatwa papa hapa, katikati kabisa, sauti inapopanda. Waceke anainuka, anageuza santuri, anakaa. Hii mpya haikatiki. Mpaka leo nikifika hapa nasikia kiti chake."

Wakhisi aliandika kwenye daftari lake, kisha akasikiliza mpaka mwisho.

Saa tano alimkuta Kinyua nyumbani kwake. Kijana alikuwa na redio kubwa ya umeme yenye gramafoni ndani, inang'aa.

"Jirani anasema ulitaka mzee arudi kwao Nyeri."

"Bado nataka. Mke hana, anakaa peke yake na mashetani ya Kizungu."

"Kwa hiyo ukaiba."

"Afande, ningetaka kuzitupa ningetupa zote! Tano zingenifaa nini? Mashine yangu haina hata mwendo wa santuri za zamani. Ni Benta huyo."

"Benta ana mashine gani?"

Kinyua akafuta vumbi juu ya redio yake.

Wakhisi alipofika selo, Benta hakumsubiri aulize.

"Umekuja kuniuliza ufunguo? Ningekuwa mwizi, omera, ndugu yangu, ningeiba mwaka ule nyumba nzima ilipokuwa mikononi mwangu. Yeye amesema nini?"

"Nani?"

"Mzee Hiram. Amesema mimi mwizi?"

"Amenyamaza."

Benta akageukia ukuta. "Basi hiyo ni mbaya zaidi."

Usiku huo Wakhisi hakulala vizuri. Mwizi aliacha santuri mpya zinazong'aa, akachukua kuukuu zinazovunjika kama chungu. Hakutaka kuuza, alitaka kusikiliza. Na alichagua zile ambazo mashine ya kuzungusha kwa mkono inaweza kupiga. Mtu huyo kwao hakuna umeme.

Jumanne alimtembelea Dalmas kibandani Kondele. Mtu wa miaka hamsini, mpole, vidole vyembamba.

"Zile nyekundu? Sijawahi kuzisikia, afande. Mzee haruhusu hata uziguse. Mimi nilijaribisha mashine kwa ile ndefu."

"Kwako ni wapi?"

"Katito. Siku ya soko huwa siji huku. Napiga orutu yangu, watu wanacheka kidogo."

Jumatano, siku ya soko, saa tano asubuhi Wakhisi alishuka basi Katito, bila sare. Orutu aliisikia kabla ya kumwona mpigaji. Ni fidla ya waya mmoja, lakini waya ule ulikuwa unaimba wimbo aliousikia Jumatatu. Akatazama saa yake. Sauti ikapanda, na pale pale katikati ikakatika. Dalmas alishusha upinde, akavuta pumzi mbili, akaendelea.

Wakhisi akatoka kwenye umati. "Rudia, fundi. Safari hii usisimame."

Dalmas alipiga. Alipofika pale, mkono ukasimama. Akajaribu tena. Ukasimama tena.

"Ile ndefu haikatiki hapo," akasema Wakhisi. "Mkono wako umefundishwa na nani?"

Dalmas aliweka orutu magotini. "Twende nyumbani. Ziko chini ya kitanda, nimezifunga kwa blanketi."

Saa kumi alasiri wote walikuwa sebuleni kwa Hiram: Kinyua karibu na dirisha, Benta mlangoni, hakukubali kuketi. Santuri tano zilikuwa mezani, nzima.

"Mzee alienda kula akaacha kabati wazi," akasema Dalmas. "Kinyua alikuwa ameniambia mnahamia Nyeri. Miaka minane natengeneza mashine hii. Mama Waceke alipokuwa hai nilikaa nje, pale kwenye ngazi, nikasikiliza. Hamkujua. Baba yangu alipiga orutu hivyo, akikaribia kulia, halafu halii. Nikasema, sauti ile ikienda Nyeri imenipotea kama baba. Sikujua watamkamata mtu."

"Ulijua Jumapili," akasema Benta. "Kibanda chako kinatazama soko. Uliniona."

Dalmas akafunika uso. "Nilikuona."

"Ungebisha hodi siku hizo, ningekukaribisha kitini," Hiram akamwambia. Kisha akamgeukia Benta. "Mama, nisamehe. Uko huru."

"Uhuru nimeshapewa na Sajini. Jina jema ndilo silina. Walinitoa sokoni jua likiwaka, watu wakitazama. Wewe unaniomba msamaha chumbani?"

Wakhisi akafunga daftari lake. Sheria ingemshughulikia Dalmas. Hili lingine halikuwa kazi ya sheria.

Alhamisi saa nne asubuhi, saa ambayo Benta angekuwa kizimbani, Mzee Hiram alisimama katikati ya soko la Kondele, kofia mkononi, Kinyua kando yake. Akina mama waliacha kupima dagaa.

"Huyu mama hakuiba," akasema.

"Sauti, Mzee!" mmoja akapaza. "Siku ile hamkunong'ona!"

"Hakuiba!" Hiram akapiga kelele, machozi yakishuka. "Alinilinda mimi, na siku yake ilipofika nilinyamaza. Mwongo ni huyu kijana, na mwoga ni mimi!"

Benta alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Vaa kofia," akasema mwishowe. "Jua kali."