Pipa la Buluu la Wifi

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo za wanawake. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la mbele. Kutoka hapo aliuona mtaa wote, na zaidi ya yote aliuona mlango wa wifi yake, dada wa mumewe.

Zamani kila nyumba ilikuwa na pipa moja. Maganda, chupa, majivu, vyote humo humo. Kisha mji ukabadilisha utaratibu. Kila nyumba ikapewa mapipa matatu. La kijani ni la mabaki ya jikoni, na jeusi ni la takataka nyingine. Hayo huchukuliwa kila Jumatatu. La buluu ni la karatasi, makopo na chupa za plastiki. Hilo huchukuliwa Alhamisi, mara moja kila wiki mbili.

Alhamisi ya kwanza gari la taka lilisimama mlangoni. Mpakiaji akashuka. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye buti kubwa za mpira. Mtaa mzima ulimwita Dada Buti. Alifungua pipa la wifi, akatabasamu.

"Hongera, dada! Safi kabisa!"

Akafungua la Fundi, akakunja uso. Alibandika karatasi nyekundu juu ya kifuniko, akaliacha limejaa vile vile.

Fundi aliichana ile karatasi bila kuisoma.

"Mbona la dada yako limechukuliwa?" alimuuliza mumewe.

"Kamuulize akufundishe," mumewe alijibu huku akifunga kamba za viatu. "Yule ana mpangilio tangu utotoni."

Jumapili mama mkwe alikuja. Alipita kando ya pipa lililofurika, akaziba pua. "Kwa binti yangu hata nzi hupiga hodi," alisema. Watu wakacheka. Fundi alicheka pia, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Siku zile hakushona vizuri. Kila alipoinua macho, alimwona wifi akisuuza makopo huku akiimba. Siku moja alimwona akimpa Dada Buti maji ya kunywa. "Ahaa!" alijisemea. "Kumbe ndiyo siri yake. Anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Wivu haumpi mtu usingizi. Fundi alikonda kama uzi wake mwenyewe.

Alhamisi nyingine ya pipa la buluu ilipofika, aliamka mapema. Alizoa taka za chumba cha kushonea, akamwaga na uji uliochacha juu yake. Akatia vyote katika mfuko. Halafu akaenda hadi mlangoni kwa wifi, akainua kifuniko cha pipa lake la buluu, akauficha mfuko ule chini ya maboksi. Kisha akarudi dirishani kungoja.

Gari lilikuja. Dada Buti hakulikagua sana pipa lile, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuliamini. Aliingiza mkono kutoa maboksi.

"Mama yangu!"

Akauvuta mkono. Sindano iliyovunjika ilikuwa imepenya glavu na kuzama kidoleni. Damu ilichuruzika. Wifi alitoka mbio, akamkalisha kizingitini. Dereva alikuwa amekasirika.

"Nani ametia sindano humu? Pipa hili ni la nani?"

Wifi alitazama ndani ya pipa. Aliona mfuko uliopasuka na vipande vya kitambaa vimelowa uji. Akakitazama kimoja kwa muda mrefu.

"Ni langu," alisema polepole. "Nisameheni."

Nyuma ya pazia, Fundi alisikia kila neno. Alitaka wifi aaibike, na sasa ameaibika. Mbona utamu haukuja? Alifungua mlango.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilitia taka zangu humo makusudi."

Dereva aliwasha gari kumpeleka Dada Buti zahanati. Fundi akapanda naye.

Muuguzi alisafisha kidonda, akamchoma Dada Buti sindano ya chanjo ya pepopunda.

"Leo nimechomwa mara mbili," Dada Buti alisema. Kisha akamgeukia Fundi. "Dada, mkono huu ndio unaolisha wanangu."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Niliona mnampendelea."

"Kumpendelea? Kwani ile karatasi nyekundu hukuisoma?"

"Niliichana."

"Iliandikwa kila kitu. Chupa zako zilikuwa na mafuta. Mafuta au uji ukimwagikia karatasi, kiwanda kinachotengeneza karatasi mpya hakiipokei tena. Pipa moja chafu laweza kuharibu gari zima, na mzigo wote ukaishia jalalani. Ndiyo maana tunasema safi na kavu. Suuza kidogo, kausha, basi. Maganda na uji peleka kijani. Vipande vya kitambaa peleka jeusi."

"Na sindano?"

"Tia katika kopo gumu lenye kifuniko. Likijaa, lifunge kwa utepe wa gundi, andika juu 'Vitu vikali', kisha tia pipa jeusi. Tukisoma, tutajihadhari."

Aliporudi, Fundi alikwenda moja kwa moja kwa wifi.

"Ulijua ni mimi. Kwa nini ulijitwika kosa langu?"

"Niliona bitana, kile kitambaa cha ndani cha gauni langu, lile unalonishonea," wifi alisema. "Lakini usinifanye malaika. Nilijua nikikutaja utakana. Nikinyamaza, utaumia vizuri zaidi."

"Niliumia kweli, wifi."

"Vizuri."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akamvutia kigoda kando ya bomba, akampa kopo la kwanza asuuze.

Wiki mbili baadaye, mapipa mawili ya buluu yalisimama pamoja. Dada Buti, kidole kikiwa bado na plasta, alifungua la Fundi. Safari hii alikagua mpaka chini.

"Safi!" alisema, akalimwaga garini. Akafungua la wifi, akatoa kopo moja la nyanya. "Na hili, dada? Bado lina nyanya!"

Wifi aliona haya. Dirishani kwa Fundi, mama mkwe, aliyekuwa amekuja tena kuwatembelea, alikuwa ameshuhudia yote. Fundi alihisi furaha mbaya ikimpanda kifuani, akaujua wivu wake wa zamani. Akanyoosha mkono.

"Nipe hilo kopo," alimwambia Dada Buti. "Nisubiri kidogo, nalisuuza sasa hivi."