Mkono wa Babu Mfukoni

Kila asubuhi, Bibi Kidawa akishuka kununua mkate, Tabia alimfunga babu yake vifungo vya shati. Waliishi Hillbrow, mtaa wa Johannesburg, ghorofa ya tisa. Babu Mzwandile alikuwa mpigania uhuru zamani. Kiswahili alikipata uhamishoni Morogoro, na mkewe Kidawa akampata hukohuko. Sasa mkono wake wa kulia ulitetemeka mchana kutwa, naye akauficha mfukoni.

"Asijue mtu," alimwambia Tabia. "Askari hatetemeki."

Tabia aliahidi. Bibi akiuliza nani kamwaga chai, Tabia alisema ni yeye, akagombezwa bure.

Mwaka 2017 kodi ya nyumba iliwashinda, mwenye nyumba akatishia kuwatoa. Bibi alimwona mumewe anaburuta miguu, akamkokota hadi ofisi ya mafao ya maveterani, inayowalipa wapiganaji wa zamani wanaougua. Tabia akafuatana nao. Babu alivaa koti, mkono mfukoni.

"Baba, unaumwa nini?" daktari wa ofisi aliuliza.

"Eish, mimi mzima. Ni uzee tu."

"Basi nafunga faili. Ukirudi mwakani, malipo yataanza mwakani. Miezi ya nyuma hatulipi."

Tabia alihisi chumba kinambana. Akisema, amemsaliti babu. Akinyamaza, watalala nje. Machozi yakamtoka.

"Babu, nisamehe! Daktari, mwambie afungue vifungo vya koti."

Babu alimkodolea macho ya hasira. Mwishowe akautoa mkono. Vidole vikahangaika juu ya kifungo, visikishike.

"Chai!" Bibi aliguta. "Kumbe ndiye aliyekuwa akimwaga chai!"

"Mkono ulianza kutetemeka lini?" daktari aliuliza.

"Mwaka jana," babu alijibu kwa sauti ndogo.

Daktari alisema huo ni ugonjwa wa neva. Hauponi, ila dawa huupunguza makali. Hospitali ikiuthibitisha, malipo yatahesabiwa kuanzia siku hiyo waliyofika ofisini. Malipo ya mwaka mzima yalikuwa yamepotea, lakini nyumba ingepona.

Njiani walisimama kwenye robot, taa za barabarani, kusubiri ya kijani.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Bibi alimchokoza. "Sisi kilio kimetukosa kidogo tu, mume wangu."

Babu aliguna, kisha akamgeukia Tabia. "Nilikukasirikia, mjukuu wangu. Sasa hasira zimeisha. Mtu akikuomba umfichie ugonjwa, usikubali, hata akiwa mimi. Mwambie mkubwa mwingine, na mgonjwa anune akitaka. Aibu ilikuwa yangu, nami nikakubebesha wewe."