Mtaa Uliokataa Vidakataka

Ganda la ndizi lilimtoka mkononi abiria mmoja pale stendi kuu ya Tanga, lakini halikufika chini. Kidakataka, kimashine chenye ukubwa wa ngumi na mabawa ya utando, kilishuka, kikalidaka likiwa bado usawa wa goti, kikapaa nalo. Abiria hakugeuka hata kutazama. Mwaka huo wa 2091 watu wa Tanga walikwishasahau pipa la taka linafananaje. Vidakataka elfu arobaini vilizunguka juu ya vichwa vyao, na mji uling'aa hata mgeni akaona haya kuukanyaga.

Aliyevibuni alikuwa Mhandisi Saumu Kibwana. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Watu wa pwani, alisema, si wachafu hata kidogo: viatu huviacha mlangoni, uwanja huufagia kabla ya chai, kisha taka zile zile huzimwaga ng'ambo ya ua, maana nyumba ni ya mtu na barabara ni ya serikali. Kuwahubiria ni kujichosha bure. Basi barabara ipewe mikono yake yenyewe.

Ulibaki mtaa mmoja tu, Mikoroshini. Sheria ilitaka kila mtaa uridhie, na mwenyekiti wa Mikoroshini alikuwa Bi Mwanakheri, shangazi yake Saumu, aliyemlea tangu utotoni. Miaka mitatu alikuwa akikataa. Sasa wakubwa wa jiji walimpa Saumu mpaka Ijumaa: asipopata idhini, mradi wote utakabidhiwa mhandisi mwingine.

Alhamisi asubuhi akapiga hodi, akavua viatu, akaketi mkekani na kibao chake cha kielektroniki chenye fomu ya idhini.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Kula kashata kwanza, hayo ya mashine yatangoja.”

Saumu akafungua kashata moja, akala huku akieleza. Vidakataka havichoki, haviugui, havigomi. Magonjwa ya tumbo yamepungua kwa nusu. Alieleza kwa moyo wote, maana aliliamini kila neno. Kisha akaona macho ya shangazi yamehama usoni pake, yako sakafuni. Bi Mwanakheri akashika ukuta, akainama polepole na magoti yake mabovu, akaokota kitu.

“Umedondosha nini, Shangazi? Si ungeniambia nikuokotee?”

“Mimi?” Bi Mwanakheri akakikunjua kikaratasi cha kashata. “Hiki chako. Na kile cha pipi pale mlangoni nacho chako, umeingia nacho.”

Saumu akautazama mkono wake. Ulikuwa mtupu. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Katika nyumba hii hii, akiwa na miaka saba, aliwahi kurudishwa kufagia upya kwa sababu ya jani moja.

“Yaishe,” shangazi akasema. “Mazoea tu hayo. Lete kibao chako nitie dole. Sitaki uharibikiwe na kazi kwa ubishi wangu.”

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma Saumu. Dole gumba la shangazi likasogea juu ya kioo. Saumu akakifunika kwa kiganja.

“Usitie.”

“Na kesho Ijumaa?”

“Nitawaambia Mikoroshini haijaridhia.” Akakivuta kibao upande wake. “Nilidhani nimeipa barabara heshima ya nyumba, Shangazi. Kumbe nimekuja kutupa taka ndani kwako, na mkono wangu haukujua.”